Mtoto anapouliza, "Tunaishi ili iweje?"

Ni saa nane usiku, Nansio. Mwezi haujatoka. Huko ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa, ukiziangalia kwa mbali utadhani kuna mji juu ya maji. Mama anaamka kwenda uani, anamkuta mwanawe wa kidato cha pili amekaa kibarazani, amekumbatia magoti, anazitazama zile taa.

"Hulali?"

"Usingizi hauji, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Anakaa kimya kidogo. "Mama, hivi watu tunaishi ili iweje? Unasoma, unahangaika, unajenga nyumba, halafu unakufa. Sasa yote hayo ya nini?"

Mama anatoa jibu ambalo wazazi wengi wangelitoa saa kama hiyo. "Acha kuwaza mambo ya ajabu. Kesho shule. Ingia ndani ulale."

Kijana anaitika, "Sawa mama," anaingia. Mama naye anarudi kitandani. Ila hapati usingizi mpaka jogoo anawika.

Nyumba za namna hii ziko nyingi, si Nansio tu. Kijana huyu si mtukutu. Hajaanza kuvuta bangi, hajashuka darasani, hana kundi baya. Kilichotokea ni kwamba wiki tatu nyuma kijana wa jirani, mvuvi wa kambi moja na baba yake, alitoka na mtumbwi jioni na hakurudi. Msiba ulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mtoto alibeba viti, alichota maji, alikaa na wenzake nyuma ya turubai. Watu walipotawanyika, kila mtu alirudi kwenye shughuli zake. Yeye alirudi na swali.

Na baba? Baba ni mojawapo ya zile taa ziwani. Tangu msiba ule naye ana jambo lake. Injini ikizimwa na wenzake wakisubiri dagaa wajikusanye kwenye mwanga, anajiuliza: miaka ishirini navuta nyavu, nitavuta mpaka lini, na nikiondoka itabaki nini? Hajamwambia mtu. Kambini mwanaume hasemi maneno kama hayo.

Kwa hiyo watu watatu wa nyumba moja wana hofu moja, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Tatizo la kwanza liko hapo, kabla hata hatujafika kwenye swali lenyewe.

Hofu isiyo na jina

Hofu nyingi zina majina. Unaogopa deni, mamba, ugonjwa, kufeli mtihani. Unajua kinachokutisha na unajua pa kukimbilia. Lakini iko hofu nyingine inayokuja wakati hakuna kitu mbele yako. Umelala salama, umeshiba, mlango umefungwa, na ghafla moyo unashtuka: ipo siku sitakuwapo. Au umekaa dukani mchana kweupe, unahesabu chenji, unajiuliza haya yote yanakwenda wapi.

Daktari wa akili wa Marekani, Irvin Yalom, alitoa mwaka 1980 kitabu kikubwa kuhusu hofu ya namna hii. Aliipanga katika mambo manne ambayo binadamu yeyote atakutana nayo. La kwanza ni kifo. La pili ni uhuru, yaani mzigo wa kujua kwamba uchaguzi ni wako na hakuna wa kukuchagulia. La tatu ni upweke, kwamba hata ukipendwa vipi kuna mahali moyoni unabaki peke yako. La nne ni kukosa maana, lile swali la "ili iweje." Yalom hakusema haya ni magonjwa. Alisema ni sehemu ya kuwa mtu.

Wazee wetu na vitabu vya dini wamelijua hili siku nyingi. Kitabu cha Mhubiri katika Biblia kinaanza na swali hilihili la faida ya kazi yote anayoifanya mtu chini ya jua. Ayubu aliuliza kwa uchungu na hakufukuzwa kwa kuuliza. Waislamu wanahimizwa kukumbuka mauti na kuzuru makaburi, ili mtu aishi vizuri zaidi na si ili akate tamaa. Kwa hiyo mzazi asikimbilie kusema mtoto amepungukiwa imani au amerogwa. Inawezekana mtoto amekua tu.

Na kweli ni suala la kukua. Mtoto wa miaka mitatu au minne humwona aliyekufa kama mtu aliyesafiri, ndiyo maana anauliza bibi atarudi lini hata baada ya kumwona akizikwa. Kati ya miaka 5 na 7 watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, na kwamba kifo ni cha kila mtu. Hapo ndipo yanapokuja maswali kama "Mama, na wewe utakufa?" Akifika umri wa sekondari akili inapata uwezo mpya wa kufikiri mambo asiyoyaona. Akili ileile inayomsaidia kuelewa hesabu za herufi ndiyo inayomletea swali la maana ya maisha saa nane usiku.

Kisiwa kinachokijua kifo

Mtoto wa Ukerewe ana sababu za ziada. Kwake ziwa ni barabara, ni shamba, na ni soko. Ukitaka kwenda Mwanza mjini kwa meli ni takriban saa tatu juu ya maji. Ukipita njia ya Bunda bado utavuka kwa kivuko kutoka Kisorya. Hakuna namna ya kuishi kisiwani bila kuyaamini maji.

Na maji haya yana historia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Mnara wa kumbukumbu yao uko Igoma. Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, ikawa zamu ya Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa na mizigo. Kivuko hicho kilijengwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa kimebaki kidogo kufika gati la Bwisya, mahali ambapo waliokuwa nchi kavu waliwaona waliokuwa majini. Waliokufa walipita 220. Waliookolewa walikuwa 41, na wa mwisho wao alikuwa fundi wa kivuko, aliyetolewa akiwa hai Jumamosi, siku mbili baada ya ajali. Taifa liliomboleza siku nne. Baadhi ya marehemu walizikwa pamoja palepale Bwisya.

Mzazi, mwanao anaweza kuwa alikuwa mdogo sana siku ile, au hakuwa amezaliwa. Lakini ameyasikia kwenye mazungumzo ya watu wazima na kuona kinavyotulia chumba anapotajwa aliyeondoka na kivuko kile. Watoto husikia zaidi ya tunavyodhani. Wasichokipata ni mtu wa kukaa nao na kuwaeleza.

Lakini kuna sehemu ya habari ile ambayo haielezwi vya kutosha. Kabla vyombo vya uokoaji havijafika, watu wa kwanza kuingia majini walikuwa wavuvi na wakazi wa palepale, kwa mitumbwi yao. Watu hao hawakuwa wamepata jibu la swali la maisha. Hawakukaa kuuliza tunaishi ili iweje. Waliona watu majini wakashika makasia. Baadhi yao walitoa watu wakiwa hai, wengine walitoa maiti tu. Ila mtoto anayetaka kujua binadamu ana thamani gani, aambiwe na sehemu hiyo pia.

Jina la Ntulanalwo

Ukerewe ina mtu mwingine wa kumweleza mtoto habari zake. Aniceti Kitereza alizaliwa kisiwani humo mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu maisha ya Wakerewe wa zamani, akaimaliza mwaka 1945. Hakutaka mila na maarifa ya wazee yapotee. Mchapishaji hakupatikana. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Hesabu miaka hiyo: 35 tangu aweke kalamu chini. Kitereza alifariki mwaka 1981, kitabu kilichochapishwa kikiwa hakijamfikia mkononi.

Mtu anaweza kuuliza, basi alifaidika nini? Lakini tazama alichokiandika. Riwaya ile inawahusu mke na mume wanaopendana ambao hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hakubali kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe, anahangaika kuitengeneza, wanarudiana, wanatafuta mganga, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume. Wanamwita Ntulanalwo. Maana ya jina hilo, kwa kukaribia, ni "nakaa nacho," na kinachotajwa ni kifo.

Kwa wazazi wa leo jina hilo linaweza kutisha. Nani anampa mtoto wake mchanga jina la kifo? Lakini majina ya aina hiyo si mageni kwa watu wa ukanda wa ziwa, hasa kwa familia zilizopoteza watoto. Mzazi wa zamani alijua kwamba kifo kipo nyumbani, hakuwa na haja ya kujifanya hakijui. Alikitaja kwa jina, akamnyonyesha mtoto, akamlea, akamfundisha kazi, akamtafutia mke. Hakungoja kifo kiondoke ndipo aanze kuishi.

Somo la jina hilo ndilo mama wa kibarazani alilolihitaji usiku ule. Mtoto hakutaka aambiwe kwamba kifo hakipo. Alitaka kuona kama mtu mzima anaweza kukitaja bila kukimbia.

Swali ligeuzwe

Daktari mwingine wa akili, Viktor Frankl wa Vienna, Austria, alilipata swali hili mahali pagumu zaidi. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 yeye na familia yake walipelekwa kwenye kambi za mateso za Wanazi. Alipotoka mwaka 1945, baba, mama, kaka na mke wake wote walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu aliyoyaona, ambacho kimesomwa dunia nzima.

Frankl alifundisha kwamba tunakosea tunapoyauliza maisha maana yake ni nini, kana kwamba jibu moja limefichwa mahali. Maisha ndiyo yanayotuuliza sisi, kila siku, na tunajibu kwa matendo. Alitaja njia tatu ambazo mtu hupatia maana. Ya kwanza ni kazi au jambo unalolifanya likabaki. Ya pili ni upendo, yaani mtu unayemjali au kitu kizuri unachokionja kwa moyo wote. Ya tatu ni namna unavyoyabeba mateso ambayo huwezi kuyaepuka.

Hapo Ukerewe mifano ya njia ya kwanza haiko mbali. Wakulima wa Ukara wamejulikana tangu enzi za ukoloni kwa kulima kisiwa kidogo chenye watu wengi bila kukichosha. Hufuga ng'ombe ndani, huwakatia majani, hubeba samadi mpaka shambani, hujenga kingo za mawe ili udongo usiondoke na mvua, hupanda miti na kuitunza. Aliyepanga mawe ya kwanza hayupo, wala jina lake pengine halikumbukwi. Lakini muhogo unaoliwa leo umesimama kwenye udongo alioulinda yeye. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpeleke mtoto akaone, umwambie: huyu naye alikufa, na kazi yake inakulisha.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, usimfukuze mtoto na swali lake. Saa nane usiku huna jibu, na si lazima uwe nalo. Unaweza kusema, "Hata mimi huwa nawaza hivyo. Sogea nikae." Dakika kumi za kukaa kimya pamoja zinafanya kazi kuliko hotuba. Anachojifunza hapo ni kwamba hofu hii inaweza kusemwa kwa mtu na nyumba isibomoke. Na ikiwa umeshamfukuza, kama yule mama, hujachelewa. Kesho yake mwambie, "Jana uliniuliza jambo nikakukatiza. Nilikuwa nimeshtuka. Hebu niulize tena."

Pili, sema kweli kwa kipimo cha umri. Mtoto mdogo akiuliza kama utakufa, usimwambie "Sifi ng'o." Siku moja atajua umemdanganya. Mwambie, "Watu wote hufa, lakini wengi hufa wakiwa wazee. Mimi nategemea kuwa na wewe siku nyingi. Na hata nisipokuwapo, bibi yupo, shangazi yupo, hutabaki peke yako." Epuka kumwambia marehemu "amelala," maana wapo watoto wanaoanza kuogopa kulala.

Tatu, usimtenge na msiba. Kuna wazazi wanaowaficha watoto kwa jirani mpaka mazishi yaishe. Mtoto mwenye umri wa kuelewa, ukimweleza mapema atakachokiona na ukamwachia nafasi ya kukataa, hunufaika na kuaga. Mpe kazi ndogo. Ila msiba ukiisha, usidhani na yeye amemaliza. Wiki ya tatu au ya nne, turubai likiwa limeshatolewa, muulize anaendeleaje. Wakati huo ndipo maswali mengi huanza.

Nne, mpe mtoto nafasi ya kuhitajika. Hii si kumtwisha kazi ili asiwaze. Ni kumpa jambo ambalo asipolifanya yeye, kuna mtu atapungukiwa. Kumsomea babu asiyeona vizuri, kumfundisha mdogo wake hesabu, kutunza mti wa mchungwa mpaka uzae. Mtu anayejua kwamba kuna anayemsubiri, swali la "ili iweje" halimwishi, lakini linapungua ukali.

Tano, tumia mnachokiamini, ila usikitumie kuziba mdomo. "Omba, yataisha" si sawa na "Njoo tuombe pamoja." Ukimwambia ni kazi ya Mungu halafu ukaondoka, anasikia mlango umefungwa. Ukimwambia unavyoamini na unavyopata shida kuamini siku nyingine, amepata mwenzake wa safari.

Sita, jitazame wewe. Mzazi anayekesha na simu mpaka saa saba ili asibaki na mawazo yake, au anayekimbilia chupa kila jioni, anamfundisha mtoto kwamba hofu hii haivumiliki. Tafuta mtu mzima mwenzako umwambie. Mke, mume, rafiki wa kambini, kiongozi wa dini. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Lini utafute msaada

Hofu ya maisha huja na kuondoka. Mtoto anawaza usiku, asubuhi anacheza mpira. Ikiwa haiondoki, hapo kuna jambo jingine. Kama kwa wiki mbili au zaidi mtoto hana furaha na vitu alivyovipenda, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, amejitenga, anaacha shule, au anasema kwamba yeye ni mzigo, inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Vilevile kama anashindwa kabisa kupanda kivuko, anatetemeka na kukosa pumzi kila akiona maji, au anaota ajali ileile kila usiku.

Akisema anatamani kufa, au umemkuta akigawa vitu vyake bila sababu, usimwambie anatafuta huruma. Muulize wazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa mlango wa kusema. Usimwache peke yake, ondoa sumu, dawa na kamba alipo, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nansio kuna hospitali ya wilaya, na Mwanza Hospitali ya Bugando ina huduma za afya ya akili. Mtoto mwenyewe au mzazi anaweza pia kupiga simu namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Haya yanamhusu mtu mzima pia. Baba anayesema kwa utani kwamba ziwa likimchukua litakuwa limempumzisha, usicheke ukapita.

Mbalamwezi ilipofika

Turudi kwenye ile nyumba. Mwezi ulipokua na giza likaisha, wavuvi walipumzika kama kawaida, maana mwanga wa mwezi ukiwa mkali dagaa hawaifuati taa. Baba akawa nyumbani. Usiku wa kwanza mkewe akamwambia, "Baba watoto, mwanao halali. Anauliza tunaishi ili iweje, na mimi nilimfukuza."

Baba hakujibu upesi. Kisha akasema, "Na mimi silali."

Kesho yake jioni alimwita kijana wakakaa wote watatu kibarazani, nyavu ziko miguuni. Baba hakutoa mawaidha. Alisema tu kwamba tangu yule kijana asirudi, kila injini ikizimwa anamwona pale alipokuwa akikaa, na kwamba anaogopa. Mtoto hakuwahi kumsikia baba yake akilitumia neno hilo. Akauliza, "Sasa kwa nini unarudi ziwani?"

"Kwa sababu mnakula," baba akasema. Akafikiri. "Na kwa sababu nalijua lile ziwa. Ndiyo kazi ninayoiweza vizuri. Na asubuhi tukirudi na mzigo, jua linachomoza, wenzangu wanaimba, sitamani kuwa mahali pengine. Jibu la zaidi ya hilo sinalo, mwanangu."

Mama ndiye aliyekumbusha kwamba mama wa marehemu sasa anachota maji mwenyewe. Mwanawe ndiye alikuwa akimchotea kabla ya kwenda kambini. Jumamosi ile kijana alichukua ndoo mbili akaenda nyumba ya tatu. "Shikamoo mama." Yule mama alimwangalia kwa muda, akaitikia, akampa na dumu. Jumamosi iliyofuata alimkuta dumu limeshawekwa mlangoni, linamsubiri.

Si kwamba swali liliondoka. Usiku mwingine bado anaamka. Lakini sasa akiamka na kumkuta mama yake uani, husema, "Limerudi tena," na mama anajua ni nini, anasogeza kigoda.

Mwezi ulipopungua, baba alifunga mzigo wake kurudi kambini. Alikuwa ameshatoka uani kijana alipomwita.

"Baba, jaketi okozi umechukua?"

Miaka yote alikuwa akiliacha limening'inia nyuma ya mlango, akisema linambana. Alisimama pale njiani, akamtazama mwanawe, kisha akarudi ndani kulichukua.